Sheria za kimataifa zinatoka wapi?

SWALI: Mhariri habari, hakuna bunge la dunia, sasa hizi sheria za kimataifa nani anazitunga? Na kwa nini mkataba aliosaini mkoloni utubane sisi?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Salama ndugu yangu. Cheki ibara ya 38 ya Mkataba wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, inataja mikataba, desturi za mataifa (yale nchi zinayofanya kwa mazoea zikiamini ni sheria) na kanuni za jumla za sheria, hukumu na maandishi ya wasomi vinasaidia tu.

Ila hapo kwenye desturi ndo patamu. Wewe uko Mwanza, basi chukua hilo ziwa lako la Victoria linaloingiza maji Nile: 1929 Uingereza ilikubaliana na Misri kwamba nchi ilizozitawala zisiguse maji ya Nile na maziwa yake kwa namna ya kuiumiza Misri bila yenyewe kukubali, na Tanganyika haikuulizwa kitu. Uhuru ulipokuja Nyerere akasema mikataba ya nchi mbili mbili aliyoiingia Mwingereza tunaipa miaka miwili tuipitie, tusiyoitaka basi, na Julai 1962 serikali ikawaandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba ule wa 1929 hautuhusu. Nchi zingine changa zikafuata njia hiyo mpaka Mkataba wa Vienna wa 1978, unaohusu nchi mpya kurithi mikataba, ukaja na kanuni kwamba nchi iliyotoka ukoloni haibebeshwi mikataba ya mtawala wake, ila mipaka na haki zinazofungamana na ardhi yenyewe ndo haziguswi. Kwa kweli najivunia sana hilo, na Misri mpaka leo haikubaliani nasi.