RI ya figo mpya isikunyime usingizi

Sisi tuliopandikizwa figo tunapigiana simu sana. Mwenzangu mmoja wa Busia alitoka kwenye altrasaundi juzi na namba yake ya RI (resistive index, kipimo cha upinzani wa damu ndani ya figo), pumzi juu juu: "Kaka, RI imetoka 0.81. Ndiyo basi tena?"

Si basi. Wengi wetu tulipandikizwa India, maana hospitali ya Mulago, hapa Uganda, ilifanya upandikizaji wake wa kwanza Desemba 2023, tukarudi na mafaili manene tusiyojua kuyasoma. RI hupima jinsi damu inavyopata upinzani ikipita ndani ya figo. Mashine huchukua kasi ya damu moyo unapopiga, ikapunguza humo kasi inayobaki moyo ukilegea, kisha ikagawanya kwa ile ya kwanza. Ikiwa 0.6 au 0.7 hakuna neno. Ikifika 0.8, daktari anaanza kuuliza maswali.

Hofu ina chanzo chake. Mwaka 2003 watafiti wa Ujerumani walionyesha kuwa waliofika 0.8 na kuendelea, miezi mitatu au zaidi baada ya upasuaji, walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kupoteza figo au kufa. Ila mwaka 2013 watafiti wa Ubelgiji walilinganisha RI na vinyama vilivyokatwa kwenye figo zenyewe, wakakuta namba hiyo inaeleza zaidi umri na mishipa ya mwenye mwili kuliko hali ya figo aliyopewa. Kwa hiyo mzee mwenye presha anaweza kusoma 0.8 na figo yake inachapa kazi vizuri tu.

Siku ya kipimo, sema mapema kuwa umepandikizwa na uonyeshe kovu. Figo mpya huwekwa chini ya tumbo karibu na nyonga, mara nyingi kulia. Kliniki moja walinilaza ubavu, mpimaji akazikuta zile za zamani zilizosinyaa, akaanza kunitazama kwa huruma! Kojoa kwanza, kwani kibofu kikijaa figo inaweza kuonekana imetuama mkojo. Usibane pumzi ukajikamua, na kifaa kikikukandamiza sana, sema. Yote hayo hupandisha RI.

Mimi ripoti naianzia kwingine: kuna maji yaliyojikusanya kando ya figo? Mrija wa mkojo umeziba? Mshipa mkuu umebana? Hayo yana tiba. RI naifikia mwisho, nikiilinganisha na zangu za nyuma, si za jirani. Ndiyo maana ripoti ya kwanza baada ya upasuaji ni ya kutunzwa kama hati ya shamba.

Na ikiwa altrasaundi ni safi lakini kreatinini (uchafu wa damu ambao figo huuchuja) inapanda, rudi kwa daktari wako siku hiyohiyo. Mwili unaweza kuanza kuikataa figo na picha isionyeshe kitu. Hapo huenda ukahitaji kukatwa kinyama kidogo kikapimwe.