Mwaka ulioandikwa kwenye tufe la kale sio lazima uwe mwaka lilipotengenezwa

Mkuu umeuliza kama yale matufe mawili ya Cary, fundi wa matufe wa London, uliyoyaona mnadani, moja la dunia moja la nyota, kweli ni ya 1800 maana la nyota limeandikwa hivyo. Mi nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye karakana ya kukarabati matufe ya kale hapa London, ngoja nikuelezee.

Huo 1800 ni mwaka ambao nafasi za nyota zilipigiwa hesabu. Mhimili wa dunia unayumba taratibu, kwa hiyo nafasi za nyota kwenye ramani zinahama kama digrii 1 kila miaka 72, ndo maana fundi anataja mwaka wa hesabu yake. Cary lake la nyota alilitoa 1799 kwa hesabu ya 1800, na sahani ya shaba ikishachongwa inaweza kuchapa miaka mingi tu. Na usishtuke ukiona makundi ya nyota yamegeuka kushoto kulia, tufe unalitazama kama uko nje ya anga.

Sasa la dunia, hapo mi huwa naanza na kwetu kabla hata sijasoma jina la fundi. Burton na Speke, wale wavumbuzi wa Kiingereza, walifika Ziwa Tanganyika 1858, na mwaka huohuo Speke akaliona Nyanza, hili la Victoria. Tufe linajiita la 1815 halafu maziwa hayo yote yamekaa mahali pake? Hapana mkuu, hilo limechapwa baadaye au limebandikwa kiraka. Bara likiwa jeupe, au ile Milima ya Mwezi, safu ya kudhaniwa tu ambayo wachora ramani wa zamani waliichora kama chanzo cha Nile, imekatiza katikati, naanza kuliamini. Na huo weupe unaniumaga kwa kweli, maana misafara ya Wanyamwezi ilikuwa inashuka hadi pwani na kurudi, njia wanazijua vizuri, ila kwenye karatasi ya London hawapo.

Halafu ukilinunua usilifute na maji jamani! Ndani ni karatasi iliyogandishwa kwa gundi, juu plasta, ndo vinakuja vipande vya ramani, mara nyingi 12, vimechongoka ncha zote mbili kama ganda la chungwa, vimepakwa rangi kwa mkono kisha vanishi, maji yakipenya kwenye ufa karatasi inavimba na rangi inaondoka. Mulika tochi kwa ubavu, viraka vyote vitajionyesha. Lizungushe pia polepole, likirudi kusimama upande uleule kila mara ujue uzani uliowekwa ndani kulisawazisha umehama, na kulifungua ni kazi ya fundi, ya gharama, iingize kwenye bei kabla hujanyoosha mkono.