Chembe sahani hazisubiri Jumatatu

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mwanangu wa miaka 6 anatibiwa saratani ya damu. Wajomba zake watatu walichangia chembe sahani, zile za kugandisha damu, siku moja. Wiki iliyofuata tukaambiwa tutafute wachangiaji wengine, zile zimeisha muda. Mbona damu nyekundu hukaa hata mwezi? Au zetu waligawiwa wengine?
Mama wa Morogoro

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa kuuguza. Kama zilimfaa mtoto wa mwenzako, hazikupotea. Ila hilo la muda ni kweli. Damu nyekundu hukaa kwenye friji siku 35 hadi 42. Chembe sahani kwa kawaida ni siku 5, tena nje ya friji, nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa polepole usiku na mchana.

Chembe nyekundu iliyokomaa haina mitokondria, yaani vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, hata moja. Chembe sahani inazo chache, na kwa hizo inapumua. Humo mfukoni inaendelea kutumia sukari na oksijeni, ndiyo maana plastiki yake hupitisha hewa. Hewa ikipungua, inatengeneza asidi inayoiua.

Hata ukiitunza vipi, saa yake inahesabu. Protini iitwayo Bcl-xL humzuia mwenzake, Bak, asitoboe mitokondria. Chembe sahani haina kiini cha kuagizia Bcl-xL ya kutosha, basi akiba ikiisha Bak anafunguka, mitokondria zinatoboka, seli inajiua. Watafiti wa Melbourne waliieleza saa hii mwaka 2007. Hata mwilini haivuki sana siku 10.

Mwenzetu mmoja, mgeni kazini, aliuona mfuko uko nje usiku, akauonea huruma, akautia kwenye friji. Asubuhi nikauinua kwenye taa, nikaugeuza taratibu. Mfuko wenye chembe hai hucheza mng'aro, kama dagaa wanaogeuka pamoja chini ya karabai. Ule ulikuwa umefifia, rangi ya uji wa jana. Baridi huzifanya zipoteze ubapa wake, na zikiingia mwilini ini huzizoa upesi. Tuliutupa. Mgonjwa akasubiri hadi jioni, na sijamsahau.

Kwa hiyo, mama, wajomba wasije wote siku moja tena. Muulize daktari ni siku zipi baada ya dawa chembe za mtoto hushuka zaidi, kisha uwapangie zamu: mmoja siku mbili kabla, wa pili baadaye, wa tatu akae karibu na simu.