Mwanangu, anzia magurudumuni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma, na picha nimezitazama moja moja. Umenunua Land Rover Series III, ile ndefu ya 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), iliyokaa miaka bila kuwashwa, na unaniuliza mambo mawili: utaivutaje hadi gereji, na ukishafika uanze kufungua injini au gia boksi. Jibu langu kwa yote mawili ni kwamba uanzie magurudumuni, injini iwe ya mwisho. Najua unatamani kuisikia ikinguruma, na furaha hiyo sikunyimi. Ila gari lisilowaka linakaa tu pale lilipo. La kuogopa ni lile linalotembea na halisimami.

Kabla hujatafuta kamba, ingia chini ya gari na nyundo ndogo. Tangu Land Rover ya kwanza ya mwaka 1948, bodi yake kwa sehemu kubwa imekuwa ya alumini, na alumini haishiki kutu kama chuma. Ndiyo maana gari linaweza kupendeza kwa nje huku chasisi, ile fremu ya chuma ya chini, imeshaliwa. Chasisi hiyo ina uwazi ndani, maji na tope huingia yakakaa, na kutu hula kuanzia ndani kuja nje, kwa hiyo rangi isikudanganye. Gonga kila mahali. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza sauti yake huzimika, au nyundo inazama kabisa. Usipite haraka kwenye boriti ya mwisho kule nyuma, maana ndoano ya trela hufungwa hapo, wala mahali springi zinaposhikiliwa. Boriti ile ikiwa mbovu, usifunge kitu hapo, si leo unapolivuta, si baadaye litakapovuta lenyewe.

Sasa sikiliza hili kwa makini, kwa sababu linaumiza watu. Breki ya mkono ya gari hili haiko magurudumuni. Iko nyuma ya transfa, lile boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, na inakamata dramu iliyofungwa kwenye propela shafti ya nyuma, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli. Ukishaitoa propela hiyo, vuta breki ya mkono upendavyo, gari halikushikwa na chochote. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu kabla hujagusa bolti hata moja, hata kama unaona ardhi imenyooka.

Kisha toa propela shafti zote mbili. Utaambiwa kwamba kuweka fri kunatosha. Kwa gari linalojulikana, lenye oili nzuri, na mwendo wenyewe mfupi, sawa. Lakini wewe hujui kilichomo ndani ya transfa yako. Ikiwa oili imevuja ikaisha, au maji yameingia na beringi zimeshika kutu, magurudumu yatazizungusha beringi hizo kavu njia nzima, na utafika gereji na kazi kubwa kuliko uliyoondoka nayo. Propela zikitoka, transfa na gia boksi vinapumzika. Bolti zake zinataka spana ya inchi 9/16; ya milimita 14 haiingii, na ya 15 italegea na kula pembe za nati. Kabla ya kufungua, piga alama kwenye pande zote zinazokutana, na usiiache propela ijichomoe pale inapoteleza katikati, kwa sababu ikirudi imegeuka itatetemesha gari zima.

Difu, yaani gia zilizo ndani ya ekseli ya mbele na ya nyuma, bado zitazunguka hata propela zikiwa nje, kwa hiyo fungua vizibo vya kujazia na uhakikishe zina oili. Difu ya nyuma ikiwa imekwama, kuna njia: gurudumu la nyuma linabebwa na beringi juu ya bomba la ekseli, si na hafu shafti, ile inayotoka kwenye difu kuzungusha gurudumu. Unaweza kuchomoa hafu shafti zote mbili na gari likaviringika kama kawaida. Ziba matundu kwa kitambaa safi na mfuko, vumbi lisiingie.

Breki ni dramu pande zote nne. Kwa gari lililokaa, breki shuu hugandana na dramu, silinda za magurudumuni hushika kutu, na hosi za mpira huvimba kwa ndani zikaziba njia, ukikanyaga breki inakamata na haiachii. Inua gurudumu moja moja, lizungushe kwa mkono, litikise juu na chini usikie kama beringi imelegea. Oili ya breki ya zamani imwage uweke mpya, maana hunyonya unyevu hewani. Breki zikikamata na kuachia vizuri, vuta kwa chuma kigumu, si kwa kamba, uende polepole, na nyuma akae dereva anayejua kazi. Ufunguo uwe kwenye swichi na umefunguliwa, la sivyo usukani utajifunga katikati ya kona. Kama lina busta ya breki, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga, mwambie dereva huyo kwamba injini ikiwa imezimwa pedali ni ngumu sana. Na kama breki hazikamati kabisa, acha habari ya kuvuta. Lipakie kwenye lori.

Ukifika gereji, mwaga oili zote, kila moja kwenye chombo chake, uzisome. Oili iliyogeuka nyeupe kama maziwa imeingia maji. Uji laini wa kijivu kwenye kizibo ni kuchakaa kwa kawaida kwa umri ule. Vipande unavyoweza kuvihesabu ni meno au beringi, na hapo lazima ufungue. Shika kila krosi ya propela, ile jointi ya msalaba kwenye ncha yake, uizungushe huku na huku. Ikicheza, ibadilishe, haina matengenezo. Tazama pia yale matufe ya chuma ambayo magurudumu ya mbele hugeukia: yakiwa na mashimo ya kutu, oil sili mpya itakatika tena upesi.

Gia boksi iache hadi hayo yamekwisha. Inatolewa kwa juu, kupitia ndani: unaondoa sakafu na boksi la viti, kisha unainyanyua kwa winchi. Ni nzito kuliko mtu mzima, usijaribu kuibeba na rafiki yako. Ikishatoka, badilisha plate ya klachi na beringi yake hata kama zinaonekana kuwa na uhai, kwa sababu kurudi pale tena ni kuondoa sakafu upya. Unaporudisha oili, tumia oili ya gia ya EP90, na kwa gia boksi chagua ya daraja la GL-4. Baadhi ya oili za GL-5 hula bushi na ringi za shaba zilizomo ndani.

Kuhusu trela, subiri hadi breki zimepita majaribio gari likiwa tupu. Na ukumbuke gari hili halina difu ya katikati, ya kuruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti. Kibonyezo cha njano kinaunganisha magurudumu ya mbele, na mkono mwekundu ukiuvuta kuingia gia ndogo unayaunganisha wenyewe. Kwenye tope ni msaada mkubwa. Kwenye lami kavu, ukiwa na mzigo na unakata kona, unazisokota shafti bila sababu.

Usinunue spea yoyote ya difu kwanza. Ifungue, uisafishe, unipigie picha ya meno pande zote mbili na ya kile ulichokuta kwenye kizibo, halafu tutaamua pamoja.

Mama yako