Hati ina jina la mume, lakini jasho ni la wote wawili

Dada yangu wa Ujiji, nimekuelewa: mumeo anadai nyumba ni yake peke yake kwa kuwa hati ina jina lake, ilhali wewe ulilea watoto na kuanika dagaa. Usikubali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huangalia mchango wa kila mmoja wakati wanandoa wanapoachana na kugawana mali, na Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango, ingawa mgawo si lazima uwe nusu kwa nusu. Anzia baraza la usuluhishi la ndoa. Likishindwa kuwapatanisha, litakupa hati ya kwenda nayo mahakamani, ambako utaomba mgawo wa mali pamoja na matunzo ya watoto. Tunza risiti za mabati na saruji. Ukisikia anatafuta mnunuzi, muone wakili upesi akuombee zuio, yaani amri ya mahakama ya kumkataza kuuza nyumba.