Maswali ya Wasomaji: Magugu maji, debe la mahindi na sahani ya mchana

Barua ndefu kuliko zote tulizopokea imetoka kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, shule ya kutwa upande wa Igombe, Ilemela, mkoani Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Anauliza habari za ziwa, chakula na shule kwa mkupuo mmoja, na kweli ukikaa kule ufukweni mambo hayo hayatenganishiki. Tumeikata vipande na kujibu kimoja kimoja. Mwishoni kuna swali fupi la mzazi wa Sengerema.

Shikamooni. Upepo ukivuma kutoka ziwani, magugu maji yanajaa mwaloni mpaka mitumbwi inakwama. Klabu yetu ya mazingira iliyakusanya tukatengeneza mbolea, tulime mboga za wanafunzi wasiokula mchana. Lundo likanuka kama mayai viza, kisha magugu yakachipua juu yake. Tulikosea wapi?

Marahaba. Kosa la kwanza ni maji. Gugu maji likitoka ziwani, karibu kilo 95 kati ya 100 ni maji matupu. Mkilirundika bichi linajibana, hewa inakosa njia, na bakteria wasiohitaji hewa ndio wanaotoa harufu hiyo. Kosa la pili ni kwamba lundo halikupata joto, kwa hiyo vikonyo na mbegu vilibaki hai.

Anzeni kwa kuchagua. Acheni yenye maua ya zambarau, kwa kuwa maua ndiyo yanayozaa mbegu, na mbegu hizo hukaa matopeni miaka 15 na zaidi zikisubiri nafasi. Kateni mizizi yote: inashika tope, konokono na madini mazito kama risasi. Magugu ya karibu na mifereji ya viwanda, au pale Mto Mirongo unapoingia ziwani na uchafu wa mji, msiyapeleke kwenye mboga kabisa, hata yawe mazuri namna gani. Gugu hili linanenepa kwa kinachotiririka kutoka mjini na mashambani, na sumu nayo hulifikia kwa njia hiyohiyo.

Yatandazeni juani siku mbili hadi tatu, mbali na maji ili mvua isiyarudishe. Yakilegea kama mchicha wa jana, yakateni vipande vya urefu wa kidole. Kila ndoo mbili za magugu changanyeni na ndoo moja ya mabua ya mpunga au ya mahindi yaliyokauka na nusu ndoo ya samadi. Chini kabisa pangeni matawi kimo cha shubiri moja, hewa ipite. Lundo liwe na upana wa mita moja na nusu na kimo kama hicho. Likiwa dogo kuliko mita moja kila upande, joto linatoroka lote.

Chomekeni fimbo ya chuma mpaka katikati. Siku ya nne au ya tano ichomoeni na kuigusa: ikiwa moto kiasi kwamba hamwezi kuishika muda mrefu, kazi inaendelea. Ikiwa baridi na kavu, nyunyizeni maji. Ikiwa baridi na inanuka, fumueni lundo lote na kuongeza mabua. Kipimo cha maji ni kiganja: kamua konzi moja, litoke tone moja au mawili, lisitiririke. Pindueni kila baada ya wiki mbili, na hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanageuza juu chini tu. Sehemu ya pembeni lazima iingie katikati, maana pembeni hapapati joto na ndiko magugu yenu yalikochipua. Baada ya miezi miwili hadi mitatu mtapata kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya udongo wa msituni. Msishangae uchache wake. Toroli kumi za magugu mabichi hurudi kama mboji ya toroli moja tu, pengine isijae.

Jambo la mwisho, na hili hatulegezi: mwanafunzi asiingie majini kuyavuta. Konokono wanaoishi kwenye magugu ndio wanaobeba kichocho, na vimelea hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Vuteni kwa reki yenye mpini mrefu mkiwa nchi kavu, au kubalianeni na wavuvi wa mwalo. Wao nao wanataka njia ya mitumbwi, hamtawabembeleza sana.

Bustani tunafikiria kuiweka palepale ufukweni. Maji si yapo?

Hapana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nyinyi wa klabu ya mazingira hamwezi kuwa wa kwanza kuivunja. Sababu yenyewe si ya karatasi tu: tuta likilimwa ukingoni, mvua moja inabeba udongo na mbolea hadi majini, na magugu yanapata chakula tena.

Sasa hesabu ya maji, ambayo ndiyo huua bustani nyingi za shule. Tuta la mchicha la mita 1 kwa 8, likiwa na ndoo nne za mboji, huvunwa baada ya wiki tatu hadi nne na linaweza kutoa kilo 8 hivi: mboga ya watoto 100 kwa siku moja. Mkitaka mboga kila siku ya masomo, mnahitaji matuta 20, na kiangazi kila mita ya mraba hunywa lita 5 kwa siku. Hiyo ni lita 800, ndoo 40, kupandisha mita 60 na zaidi. Nani atazibeba? Tumeona majibu ya swali hilo shule nyingi: wasichana, au waliochelewa namba ya asubuhi. Anzeni na matuta matano, ndoo kumi, zamu ya darasa zima bila kubagua. Mtapata mboga mara moja kwa wiki na kidogo zaidi. Maji ya ziwa yakae kwenye pipa lililofunikwa siku mbili kamili kabla ya kumwagilia, kwani vimelea vya kichocho vikikosa mtu wa kumwingia hufa.

Walioleta mahindi wanakula makande, wengine wanakaa chini ya mwembe. Mwalimu mmoja alipendekeza wasioleta wafanye kazi bustanini badala ya mchango. Ni haki?

Si haki. Mtoto ambaye hajala ndiye wa mwisho kupewa jembe saa saba mchana, na shule nzima itajua ni kwa nini amelishika. Bustani iwe ya wote au isiwepo.

Tangu Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ada na michango ya lazima ilifutwa, na hakuna mtoto wa kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Chakula cha mchana kinabaki makubaliano ya wazazi, na makubaliano huvunjika pale ambapo hesabu haionekani. Mzazi akiambiwa “leta chakula” anasikia mzigo usio na mwisho. Mwambieni hivi: gramu 150 za mahindi na 50 za maharage kwa siku, siku 194 za masomo. Ni kilo 29 za mahindi, debe mbili pungufu kidogo, na kilo 10 za maharage, nusu debe. Basi. Ikiwa katika kila kaya kumi moja haina kitu, tisa zikiongeza kilo 3 na robo za mahindi kila moja, na maharage kilo moja na ushei, mwembe unabaki na kivuli chake tu. Kaya hiyo ijulikane kwa kamati, isisomwe ubaoni.

Pokeeni wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na kwa mizani, maana debe la kujaza kichuguu na debe la kufyeka si debe moja. Pimeni ukavu: tieni konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikiseni, mwache dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado mabichi na yataleta sumukuvu. Yaanikeni tena juu ya turubai, kamwe si ardhini. Yakikauka yaingie mifuko ya matabaka isiyopitisha hewa, kila tabaka lifungwe peke yake.

Na kwa nini sisi wa ziwani tunakula panki, yaani vichwa na mifupa ya sangara, minofu ikipanda ndege?

Kwa sababu soko la nje hununua kwa bei ambayo mama ntilie wa Kirumba hawezi kuifikia. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, hukatwa minofu viwandani. Bondo, kile kifuko cha hewa cha samaki, nalo lina soko lake Asia. Kichwa na mifupa vinabaki. Panki bichi la siku hiyohiyo, likikaangwa, si chakula cha aibu. Lililokaa juani chini kwenye vumbi liacheni. Ila kwa sufuria ya shule tungechagua dagaa: huliwa mzima na mifupa yake, na gramu 10 kwa mtoto zinatosha kuyabadilisha makande.

Mzazi, Sengerema: Nimepewa kazi ya kununua dagaa wa shule. Nitajuaje walioanikwa mchangani?

Wa chanjani wanang'aa fedha na wamenyooka. Wa mchangani wamejikunja na wana rangi ya udongo. Usiamini macho peke yake: chukua konzi mbili kutoka katikati ya gunia, si juu, tia kwenye bakuli jeupe la maji, koroga, subiri kidogo, kisha angalia kilichotua chini. Mchanga huo umepimwa kwenye mizani pamoja na dagaa. Fanya hivyo mbele ya muuzaji, kabla hujataja bei.