Kabla ya Kukiandika Kwenye Marejeo, Kishike Mkononi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Yuko mwaka wa pili chuoni, na mhadhiri wake amemrudishia kazi bila alama. Pembeni mwa orodha ya marejeo kaandikiwa kwa kalamu nyekundu: "Niletee makala hizi." Hana cha kupeleka. Orodha ile aliiomba kwenye programu ya akili mnemba, ikampa majina ya waandishi, miaka, majarida, hadi namba za kurasa. Alipokwenda kuzitafuta, nyingi hazipo popote. Sasa ananiuliza afanyeje.

Mdogo wangu, nilikujibu kwa kifupi siku ile, lakini jambo lenyewe linanigusa sana, acha nilimalize hapa.

Na mimi niliwahi kudaiwa vyanzo vyangu. Vyangu vilikuwa vya kweli. Mhadhiri alinyanyua kazi yangu mbele ya darasa akasema mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kuwa amesoma vitabu vyote hivi, orodha hii ni ya mtu mwingine. Wenzangu wakacheka. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo, na sijui kama yeye anakikumbuka. Sikubishana naye. Nilikwenda maktaba na daftari langu, nikavitoa vitabu rafuni kimoja baada ya kingine, makala za majarida nikazitolea nakala, nikaweka kikaratasi kwenye kila ukurasa nilionukuu. Kesho yake nikavipanga mezani kwake. Akafungua cha kwanza, akaweka kidole kwenye sentensi, akatazama kazi yangu, akarudi kitabuni. Akafungua cha pili. Cha tatu hakukifikisha mwisho. Akasema, "Sawa," akaandika alama zangu. Radhi hakuniomba.

Najivunia siku ile na nitaendelea kujivunia. Lakini iliwezekana kwa sababu ya mama mmoja mkutubi. Chuo kilipoanza tulipelekwa kutembezwa maktaba, na wengi wakatoroka kabla hatujafika ghorofa ya pili. Mimi nilibaki nikamuuliza vitabu vya mada yangu viko wapi. Akanijibu, "Mwanangu, usiandike jina la kitabu peke yake. Andika na namba iliyo mgongoni mwake, na ukurasa, hapo hapo ukiwa umekishika."

Namba ile ndiyo ufunguo wa maktaba nzima. Maktaba nyingi zinatumia mpango alioutoa Melvil Dewey mwaka 1876, ambapo 300 ni sayansi ya jamii, 370 elimu, 610 tiba. Maktaba nyingine, hasa za vyuo vikubwa, zinafuata mpango wa Maktaba ya Bunge la Marekani unaoanza kwa herufi: L ni elimu, R ni tiba. Kwa vyovyote vile, vitabu vya mada moja vinakaa jirani. Ukifuata kimoja, usikichukue ukaondoka. Tazama kushoto kwake na kulia kwake. Vitabu vyangu bora nilivipata hivyo, wala sikuwa nimevitafuta kwenye katalogi. Kisha geuza nyuma kabisa, soma marejeo ya mwandishi mwenyewe. Yeye ameshakufanyia nusu ya kazi.

Hiyo ndiyo njia ya kwenda nyuma. Ya kwenda mbele ni kuuliza nani ameitaja makala hii baada ya kuchapishwa. Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, inaonyesha chini ya kila makala idadi ya kazi zilizoirejelea, na ukibofya hapo unaziona. Makala moja nzuri inakupeleka kwa wazee wake na kwa wajukuu wake. Ukikuta inauzwa, tafadhali usitoe pesa yako. Ingia kupitia tovuti ya maktaba ya chuo, mara nyingi wameshalipia jarida hilo. Kama hawana, mwulize mkutubi kama wanaazimana na maktaba nyingine.

Kwenye hifadhidata za majarida, watu wanaandika swali zima kama wanaongea na rafiki, halafu wanalalamika hakuna kitu. Vunja mada yako iwe maneno. Tuseme unaandika juu ya kipindupindu na maji. Andika: kipindupindu AND (maji OR visima). AND inapunguza matokeo, OR inayaongeza, na maneno yanayotakiwa kukaa pamoja yafungie kwenye alama za kunukuu. Kwa kuwa majarida mengi ni ya Kiingereza, andaa maneno hayo kwa lugha zote mbili kabla hujakaa kwenye kompyuta. Halafu chuja ubaki na makala zilizopitiwa na wataalamu kabla ya kuchapishwa. Soma ikisiri kwanza, yaani muhtasari mfupi ulio mwanzoni mwa makala. Ikiwa haihusiani na swali lako, iache, hata kama kichwa chake kinavutia.

Nasema kwa uchungu: ninawaona wanafunzi wanaokwenda maktaba kuchaji simu. Wamezungukwa na rafu, pale mbele amekaa mtu aliyesomea kazi ya kuwasaidia, na hawamsemeshi kuanzia muhula unaanza mpaka unaisha. Usiku wa mwisho ndiyo wanaomba mashine iwatungie waandishi. Hapana. Jina la mtu unaloliweka kwenye marejeo ni ushahidi, na wewe ndiye unayeapa kwamba amesema hivyo.

Kuhakiki makala ipo ni kazi ya dakika moja. Makala nyingi za siku hizi zina DOI, namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni, inayoanza na 10. Ibandike baada ya doi.org/ uone inafungua nini. Isipofungua, au ikifungua kitu kingine, usiitumie mpaka umeiona kwa macho. Na kuwepo peke yake hakutoshi. Makala ya Andrew Wakefield na wenzake ya mwaka 1998, iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, ilichapishwa katika The Lancet, jarida kubwa la tiba. Mwaka 2010 jarida lenyewe likaifuta, yaani likatangaza kwamba isitegemewe tena. Mpaka leo inapatikana, na asiyefungua ukurasa wa jarida anaweza asijue kwamba imefutwa.

Kuhusu namna ya kuandika marejeo sina mengi. Uliza idara yako inataka mtindo gani. APA, ambayo toleo lake la saba lilitoka 2019, inataka jina na mwaka ndani ya matini. MLA inataka jina na ukurasa. Zotero ni programu ya bure na itakupangia orodha, ila ikague, kwa sababu inachukua taarifa jinsi ilivyozikuta, na majina yaliyokosewa inayabeba hivyo hivyo. Na kama maneno ya mtu umeyakuta ndani ya kitabu cha mwingine, sema amenukuliwa humo. Usijifanye umekisoma cha kwanza.

Sasa wewe, mdogo wangu. Usisubiri kuitwa. Nenda kwa mhadhiri wako kesho, mweleze orodha ilitoka wapi, mwombe muda wa kuirudia. Ukitoka hapo pitia meza ya mkutubi ukiwa na mada yako imeandikwa kwenye karatasi, na umwombe makala moja tu ya kuanzia. Zile za orodha ya zamani zihakiki moja moja. Zilizopo zisome, zisizokuwepo zifute pamoja na sentensi ulizoziegemeza juu yake. Niandikie mada yako, nami nitakutumia maneno ya kutafutia.